Mtakatifu Blasi: Askofu Aliyesimama Njiani kwa Ajili ya Pumzi ya Mtoto



Kila mwaka tarehe 3 Februari, siku moja baada ya sikukuu ya Kutolewa kwa Bwana Hekaluni, waamini hupanga mstari mbele ya altare kupokea baraka ya makoo. Padre hushika mishumaa miwili iliyofungwa kama msalaba, huigusisha kwenye koo la mtu, kisha humwomba Mungu amkinge na maradhi ya koo na mabaya mengine yote kwa maombezi ya Mtakatifu Blasi, askofu na shahidi. Katika mstari huo wamo wazee, wavuvi, akina mama wenye watoto mgongoni na vijana wa kwaya. Wengi wanarudi nyumbani na jina la mtakatifu bila kujua habari zake.

Kwetu sisi tunaoishi kando ya Ziwa Victoria, mtakatifu huyu anastahili kufahamika zaidi. Kisa kinachomfanya akumbukwe ni kisa cha mtoto na mwiba wa samaki. Hakuna nyumba kati ya Kirumba na Igombe, wala Ukerewe ng'ambo ya maji, isiyojua hofu hiyo.

Askofu wa Sebaste

Blasi aliishi mwishoni mwa karne ya 3 na mwanzoni mwa karne ya 4. Alikuwa askofu wa Sebaste katika nchi ya Armenia Ndogo. Mji huo leo unaitwa Sivas nao uko Uturuki, kwenye nyanda za juu zenye baridi kali, karibu na mto ambao watu wa kale waliuita Halys.

Ni lazima tuseme ukweli kuhusu vyanzo vya habari zake. Masimulizi marefu ya maisha na mateso yake yaliandikwa karne kadhaa baada ya kifo chake, na wanahistoria hawayapokei kila neno. Yanayosimama imara ni haya: kwamba palikuwa na askofu shahidi wa jina hilo huko Sebaste, na kwamba tangu zamani sana Wakristo walimwita wakati kitu kilipokwama kooni. Yanayobaki tumeyapata kwa mapokeo, na kama mapokeo ndivyo nitakavyoyasimulia.

Mapokeo yanasema Blasi alikuwa mganga kabla hajawa askofu. Aliwahudumia wagonjwa kwa upole na kwa ujuzi, na watu wa mji walipompoteza askofu wao, walimtazama yeye. Hakuacha kutibu alipowekewa mikono. Mlango wake ulibaki wazi kwa aliyeumwa mwili na kwa aliyeumwa roho, na mara nyingi alikuwa mtu huyohuyo.

Zilikuwa nyakati ngumu. Mwaka 313 watawala wawili wa dola ya Kirumi, Konstantino na Lisinio, walikubaliana huko Milano kuwaacha Wakristo wasali kwa uhuru. Lakini urafiki wao haukudumu. Ulipoharibika, Wakristo wa mashariki waliokuwa chini ya Lisinio walianza kutazamwa kama wapelelezi wa Konstantino, na mateso yakarudi. Ni katika mji uleule wa Sebaste ambako wale askari Arobaini Mashahidi waliachwa wafe kwa baridi juu ya barafu, karibu mwaka 320. Mwaka wa kifo cha Blasi unaotajwa zaidi ni 316.

Pangoni

Gavana Agrikola alipoanza kuwakamata Wakristo, Blasi aliondoka mjini akajificha katika pango mlimani. Hakukimbia kwa kuogopa kufa. Kanisa la wakati ule liliwafundisha waamini wasijitafutie mateso wenyewe, wala wasimkane Kristo yakiwajia.

Huko pangoni, mapokeo yanasema, wanyama wa porini wenye majeraha walikuja kwake. Walisubiri mlangoni mpaka amalize sala, kisha akawatibu, wakaondoka. Wawindaji waliotumwa kutafuta simba na chui kwa ajili ya michezo ya mji waliukuta umati wa wanyama umetulia mbele ya pango, na ndani yake mzee anayesali. Wakapeleka habari kwa gavana. Askari wakaja kumchukua, naye akawafuata bila ubishi.

Mama njiani

Tukio lililobeba jina lake mpaka kwetu lilitokea akiwa chini ya ulinzi, kati ya pangoni na gerezani. Watu walijipanga kandokando ya njia kumwona askofu wao. Mama mmoja akapenya katikati ya umati akiwa amembeba mwanawe wa pekee. Mtoto alikuwa amesakamwa na mwiba wa samaki, pumzi imekatika, yuko karibu kufa. Mama akamlaza miguuni pa mfungwa.

Tusipite haraka hapo. Blasi alikuwa amefungwa na anapelekwa kuhukumiwa. Kila mtu angemsamehe kama angeendelea na safari yake ya mwisho. Yeye alisimama. Aliweka mikono juu ya koo la mtoto, akasali, na mtoto akavuta pumzi. Sala yake, kama mapokeo yanavyoieleza, haikuwa kwa ajili ya mtoto yule peke yake. Aliwaombea wote watakaopatwa na shida ileile baada yake.

Masimulizi hayaelezi mwiba ule ulikwama wapi hasa, na hayakuandikwa kwa ajili hiyo. Yanachoonyesha ni mtu aliyekuwa na dakika chache za maisha, akazitoa kwa pumzi ya mtoto asiyemjua.

Mishumaa gerezani

Kuna kisa kingine kinachoeleza mishumaa yetu ya Februari. Mjane maskini alikuwa na nguruwe mmoja tu, na mbwa mwitu akamchukua. Blasi alimwahidi kwamba atampata, na mbwa mwitu akamrudisha nguruwe akiwa mzima. Askofu alipotiwa gerezani, mjane yule alimletea chakula na mishumaa ili asikae gizani. Kwa hiyo mishumaa tunayowekewa kooni inakumbusha sadaka ya mwanamke maskini kwa mfungwa.

Gavana alimtaka Blasi aitolee sadaka miungu ya dola. Alikataa. Akapigwa fimbo, kisha akachanwa mwili kwa vitana vya chuma, vile vya kuchania sufu. Ndiyo sababu picha nyingi zinamwonyesha ameshika kitana, na wafanyakazi wa sufu wa Ulaya wakamfanya msimamizi wao. Mwisho akakatwa kichwa.

Jina lililotembea

Jina lake halikuzikwa pamoja naye. Katika karne ya 6 Aetius wa Amida, mganga aliyeandika vitabu 16 vya tiba kwa Kigiriki, alimtaja Blasi katika sehemu inayohusu vitu vilivyokwama kooni, akaeleza jinsi ya kuliita jina la shahidi huyo wakati wa kumhudumia mgonjwa. Huo ni ushahidi wa mapema sana wa ibada kwake, nao unapatikana katika kitabu cha mganga, katikati ya dawa na mbinu za mikono.

Baadaye Marco Polo alipoandika habari za safari zake aliitaja Sebaste kuwa mahali alipouawa Mtakatifu Blasi. Mji wa Dubrovnik katika Kroatia ulimchukua kuwa msimamizi wake. Wajerumani walimweka katika kundi la Watakatifu Wasaidizi Kumi na Wanne, walioombwa sana nyakati za tauni. Makanisa ya Mashariki humkumbuka tarehe 11 Februari, sisi tarehe 3.

Kuna jambo jingine la nchi yake lisilopaswa kusahaulika. Karibu miaka hamsini baada ya kifo cha Blasi, katika mji jirani wa Kaisaria ya Kapadokia, askofu mwingine, Mtakatifu Basili Mkuu, alijenga nyumba kubwa ya kuwatunza wagonjwa, maskini na wenye ukoma. Kanisa la eneo lile liliweka baraka na hospitali chini ya paa moja.

Koo la mtoto

Sasa turudi ziwani. Kwa nini koo la mtoto lina hatari kiasi hiki?

Kooni njia mbili zinakutana: njia ya hewa kwenda mapafuni na umio wa kupeleka chakula tumboni. Tunapomeza, njia ya hewa hufungwa kwa muda mfupi. Mtoto mdogo anayecheka, kulia au kukimbia huku ana kitu mdomoni huvuta hewa kwa ghafla, na kitu kile kikaingia pasipo pake. Tunasema amepaliwa. Njia yake ya hewa ni nyembamba, na meno ya nyuma ya kusagia bado hayajaota, kwa hiyo punje ngumu humezwa nzima.

Mwiba wa samaki mara nyingi hukwama upande wa chakula: kwenye mafindofindo, nyuma ya ulimi au juu ya umio. Nyumbani wengi humpa mtoto tonge kubwa la ugali alimeze ili liusukume. Mara nyingine mwiba unashuka. Mara nyingine tonge linauzamisha zaidi nyamani, au unatoboa umio, na usaha unaanza kifuani. Mwiba usiotoka wenyewe unahitaji daktari mwenye taa na kifaa cha kuutolea.

Kinachoingia zaidi upande wa hewa hapa kwetu ni kitu kingine tunachokula kila siku. Mwaka 2011 madaktari wa Bugando walichapisha taarifa ya wagonjwa 98 waliohudumiwa kwa sababu ya vitu vilivyokwama katika njia ya hewa au ya chakula. Takribani robo tatu walikuwa na umri wa miaka miwili au chini yake. Katika njia ya hewa, kitu kilichoongoza kilikuwa karanga. Katika umio, sarafu. Wengi walitolewa kitu kile kwa bomba lenye taa wakiwa wamelazwa kwa dawa ya usingizi, wakapona. Wanne hivi kati ya mia walikufa.

Karanga ina hila yake. Ikishapita koromeo na kutulia katika tawi la pafu, kikohozi kikali cha mwanzo hutulia. Mama anashukuru Mungu kwamba yamekwisha. Lakini karanga inavimba kwa unyevu, mafuta yake yanachoma ngozi laini ya njia ya hewa, na tawi linaziba. Wakati mwingine hewa inaingia isitoke, pafu likajaa kupita kiasi. Wakati mwingine haiingii kabisa, pafu likasinyaa. Nyuma ya kizuizi makohozi yanatuama na nimonia inaanza. Mtoto anapewa dawa ya kikohozi, halafu ya nimonia, halafu ya pumu. Homa inashuka, wiki mbili baadaye inarudi. Yakipita majuma au miezi, sehemu ile ya pafu inaweza kuharibika moja kwa moja.

Hapo ndipo wengine humpeleka mtoto akatwe kimeo. Desturi hii bado ipo sehemu nyingi za nchi yetu: mtoto akikohoa sana, kimeo kinalaumiwa, na mtu asiye na mafunzo anakikata. Mtoto anaweza kuvuja damu nyingi, kupata pepopunda au usaha kooni, hata kuzibwa pumzi na uvimbe. Na karanga iliyoleta kikohozi inabaki palepale pafuni.

Moyo unapobeba mzigo wa koo

Kuna kuziba kwa aina nyingine kusikotisha kama kupaliwa, kwa sababu hakuji kwa kishindo. Mtoto ana mafindofindo makubwa, au zile nyama za nyuma ya pua zimevimba kwa muda mrefu. Usiku anakoroma kama mtu mzima. Anahema kwa mdomo, jasho linamtoka, pumzi inakatika kwa sekunde kadhaa kisha anashtuka. Mchana anasinzia darasani, hanenepi, na mwalimu anamwita mvivu. Nyumbani watu wanacheka kwamba anakoroma kama babu yake.

Ndani ya kifua hakuna kichekesho. Kila pumzi inapokatika, hewa safi katika damu inapungua na hewa chafu inaongezeka. Mishipa ya damu ya mapafu ina tabia ya kujikaza inapokosa hewa safi. Ikijikaza kila usiku kwa miezi na miaka, upande wa kulia wa moyo, ambao kazi yake ni kusukuma damu mapafuni, unalazimika kusukuma dhidi ya mlango uliobanwa. Misuli yake inanenepa, chumba kinatanuka, mwisho nguvu zinaisha. Ini linavimba, miguu inajaa maji, mtoto anachoka kwa hatua chache. Mtu anaweza kumtibu moyo bila kujua kwamba ugonjwa ulianzia kooni.

Mwaka 1965 madaktari wa Marekani waliandika habari za watoto wa namna hii, na jambo la furaha waliloliona ni kwamba mafindofindo na nyama za pua zilipoondolewa, moyo wa mtoto ulirudi katika hali yake. Kwa hiyo mtoto anayekoroma kila usiku na kukatika pumzi aonekane mapema na daktari wa masikio, pua na koo, kabla moyo haujalemewa.

Baraka na mikono

Katika mwaka huu wa falsafa tunasoma kwa Mtakatifu Thoma wa Akwino kwamba Mungu, aliye sababu ya kwanza, hutenda pia kwa njia ya sababu za pili, yaani viumbe vyake, na hapungukiwi kitu kwa kufanya hivyo. Moto unaunguza kweli, dawa inaponya kweli, na nguvu ya kufanya hivyo imetoka kwake. Yoshua bin Sira katika sura ya 38 anamtaka mgonjwa asali na pia ampe nafasi mganga, kwa kuwa Bwana ndiye aliyemuumba.

Kwa hiyo anayesema kwamba baraka inatosha na hospitali ni upungufu wa imani hajamfuata Blasi, aliyekuwa mganga na askofu katika mwili mmoja. Na anayesema kwamba baada ya hospitali baraka ni mchezo wa mishumaa hajamwelewa yule mama wa njiani. Mama yule alipenya kati ya askari kumfikia mtu anayeweza kusaidia. Mama wa Ukara anayevuka maji usiku na mtoto anayehema kwa shida anafanya jambo lilelile. Pale juu ya kilima cha Bugando kuna hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971, mali ya maaskofu wa Tanzania. Mikono inayoshika bomba lenye taa mle ndani inaendeleza kazi ya mikono iliyowekwa juu ya koo la mtoto kule Sebaste.

Ningependa siku ya baraka ya makoo iwe pia siku ya kufundishana parokiani na katika jumuiya ndogondogo. Dakika kumi baada ya misa zinatosha kwa haya.

Mtoto wa chini ya miaka mitano asipewe karanga nzima, bisi wala punje ngumu, karanga zisagwe. Samaki wa mtoto achambuliwe miiba kwa vidole, kwenye mwanga, na mtoto ale akiwa amekaa. Sarafu, shanga na betri ndogo za saa ziwe mbali naye. Betri ikikwama kooni huunguza ndani ya saa chache.

Mtoto akipaliwa na bado anakohoa kwa nguvu au analia, aachwe akohoe, na mtu awe karibu naye. Asipoweza kukohoa, kulia wala kupumua, usipapase kooni kwa kidole bila kuona kitu, maana utakisukuma. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja alazwe kifudifudi juu ya mkono, kichwa kikiwa chini, apigwe mara 5 kati ya mabega kwa kiganja. Kisha ageuzwe, abonyezwe mara 5 katikati ya kifua kwa vidole viwili. Mkubwa zaidi ainamishwe, apigwe mgongoni mara 5. Kisha simama nyuma yake, weka ngumi juu kidogo ya kitovu, vuta kwa ghafla kuelekea ndani na juu mara 5. Rudia mpaka kitoke. Akizimia, anza kumbonyeza kifua na kumpulizia pumzi, huku wengine wakitafuta usafiri.

Na mtoto aliyepaliwa apelekwe hospitali hata kama ametulia. Mwambieni daktari waziwazi kwamba alikuwa anakula karanga. Sentensi hiyo moja inaweza kumwokoa na miezi ya dawa zisizo zake.

Blasi alikuwa na safari ya kwenda kufa, akasimama. Sisi mafrateri tunajiandaa kuwa mapadre wa watu wenye haraka nyingi na shida nyingi, na siku moja tutaishika ile mishumaa miwili mbele ya koo la mtoto. Tuombe tuwe tunajua kinachopita ndani ya koo hilo, na tuwe tayari kusimama.

Mtakatifu Blasi, askofu na shahidi, utuombee.